Arafa za kazini: Ni chombo kipi kinachoifaa afisi yako?

MFANYAKAZI anapoacha kazi, hukabidhi funguo, tarakilishi na kitambulisho cha afisi. Lakini maagizo ya wateja, picha za stakabadhi na maamuzi aliyoyapokea kupitia WhatsApp huondoka naye, kwa kuwa yamo katika simu yake mwenyewe. Hapo ndipo mwajiri hutambua kwamba urahisi nao una gharama.

WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka wa 2009, imeenea mno humu nchini kwa sababu wengi tayari wanaijua. Tangu mwaka wa 2016, mazungumzo yake hufichwa kwa namna ambayo ni wahusika tu wanaoweza kuyasoma. Hata hivyo, salamu, rambirambi na agizo la dharura huchanganyika katika kundi moja, na lililo muhimu likafunikwa kabla ya saa sita.

Slack, iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2014, hutenga mazungumzo kulingana na shughuli: uhasibu kwake, mauzo kwake. Mfanyakazi mgeni huweza kusoma yaliyojadiliwa kabla hajaajiriwa. Kasoro ni kwamba wasiolipa huonyeshwa arafa za siku 90 pekee.

Nayo Microsoft Teams, iliyozinduliwa mwaka wa 2017, huzifaa afisi zinazotegemea Word na Excel, kwani watu kadhaa huweza kuhariri waraka mmoja huku wakijadiliana. Lakini huilemea tarakilishi kuukuu.

Tofauti kuu ni umiliki. Katika Slack na Teams, akaunti ni ya mwajiri. Mfanyakazi akiondoka hufungiwa mlango, kumbukumbu zikabaki. Kwa upande mwingine, mwajiri anaweza kupata njia ya kuyasoma yaliyoandikwa humo. Anayemteta mkubwa wake huko asidhani yuko faraghani.

Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za kibinafsi azilinde. Nakala ya kitambulisho cha mteja iliyosambazwa katika simu kumi ni vigumu kuilinda.

Duka la watu watano halina haja ya kugharimikia zaidi ya WhatsApp, mradi kila uamuzi unakiliwe katika barua-pepe au daftari siku iyo hiyo. Afisi yenye idara kadhaa haina budi kuwa na chombo chake. Wahenga walikwisha kunena: mali bila daftari hupotea bila habari.