Ukiweka bawaba kwa ruta, anza na kigezo

Shimo la bawaba likizidi milimita chache tu, bawaba hucheza na mlango haufungi sawa. Na mbao za mvule si za kuharibu. Ndiyo maana fundi hutangulia kukata kigezo cha plaiwudi, akakibana kwenye mlango. Bushi iliyo chini ya ruta hufuata ukingo wa kigezo, kisu hukata.

Wengi hukosea vipimo. Bushi ni nene kuliko kisu. Bushi ikiwa ya milimita 16 na kisu cha 10, tofauti ni 6. Basi bawaba ya urefu wa milimita 100 yataka tundu la 106 kwenye kigezo.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Pembe zitabaki mviringo. Zimalizie kwa patasi.