Kwale: Malori hupita, soko hubaki nyuma

Lori la machungwa kutoka Muheza likishavuka Horohoro na kumaliza shughuli za forodha Lunga Lunga, mwenye mzigo huwa na jina moja tu kichwani: Kongowea. Kilomita takribani 100 zinazofuata, kupitia Msambweni, Ukunda na Ngombeni hadi kivuko cha Likoni, huzihesabu kuwa njia tu ya kufika sokoni Mombasa.

Lakini barabara hiyo karibu yote imo ndani ya Kaunti ya Kwale. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 866,820. Miaka kumi kabla yake walikuwa 649,931. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 216,000, yaani kila watu watatu wameongezeka mmoja. Mfanyabiashara anayefika Kongowea na kukuta malori mengine yamemtangulia na bei imeshuka, ameshapita soko hilo njiani bila kulitazama.

Pwani, milima na nyika

Kwale imepakana na Mombasa kaskazini mashariki, Kilifi kaskazini, Taita Taveta magharibi, na Bahari ya Hindi mashariki. Kusini imepakana na Mkoa wa Tanga, kupitia Wilaya ya Mkinga. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 8,200, na ardhi hiyo si ya namna moja.

Ukitoka baharini kwenda bara, kwanza kuna uwanda wa pwani wenye minazi, mikorosho na miembe, pamoja na misitu ya mikoko kama ile ya Gazi na Vanga. Kisha ardhi inapanda hadi Shimba Hills, ambako kuna msitu, chemchemi na hifadhi ya wanyama ambayo ndiyo makazi ya palahala nchini Kenya. Mji wa Kwale, makao makuu ya kaunti, uko juu ya milima hiyo.

Nyuma ya milima kuna nyika: Kinango, Samburu, Taru na Mackinnon Road. Huko mvua ni haba na watu hutegemea zaidi ng'ombe na mbuzi. Masika yakikosa, mahindi ya shambani hayatoshi na familia hulazimika kununua nafaka. Mwenye mahindi au maharage ana wateja huko, na anayetafuta mifugo ana wauzaji. Wengi husahau kwamba Taru na Mackinnon Road ziko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ingawa ni sehemu ya Kwale.

Kuna pia Mto Umba. Chanzo chake ni milima ya Usambara, Tanzania, nao huingia Kenya na kumwaga maji baharini karibu na Vanga. Mvua kubwa ikinyesha Usambara, wakazi wa Vanga huweza kuamka na mafuriko. Anayepeleka bidhaa huko wakati wa masika hana budi kuuliza hali ya mvua ya pande zote mbili.

Soko ni kongwe kuliko mpaka

Mpaka unaovukwa leo Lunga Lunga ulianzia mezani Ulaya. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo kwa mstari kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, na kutoka hapo kuelekea Kilimanjaro. Makubaliano ya baadaye yaliuweka mwanzo wa mstari huo Ras Jimbo, kusini mwa Vanga, na Vanga ikabaki upande wa Waingereza.

Kabla ya hapo, mji wa Vumba ulikuwa na watawala wake walioitwa Diwani, na watu wake walifanya biashara kwa mashua bila kujua habari za mstari wowote. Kivumba, lahaja yao ya Kiswahili, bado inasikika Vanga, kisiwani Wasini na upande wa Tanzania.

Mpaka ulipowekwa, haukuchelewa kutumiwa. Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi, aliinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Mwaka uliofuata alivuka na wafuasi wake kuingia upande wa Wajerumani, na alifariki Dar es Salaam. Januari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana Jasini, karibu kabisa na mpaka huo.

Nani anaishi wapi

Wadigo ndio wengi katika uwanda wa pwani, na ndugu zao wako Mkinga, Muheza na Tanga mjini. Wengi wao ni Waislamu, hivyo mahitaji ya tende, tambi, nazi na mihogo hupanda Ramadhani inapokaribia. Waduruma wako zaidi Kinango na nyikani. Wakamba wamelima Shimba Hills na maeneo ya jirani kwa miaka mingi. Wasegeju, kama Wadigo, wako pande zote mbili za mpaka.

Kuna pia Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Waliishi Kwale kwa miongo mingi bila vitambulisho vya uraia, na asiye na kitambulisho hapati leseni ya biashara wala mkopo wa benki. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, ambao wengi ni wavuvi, walitambuliwa mwaka 2023.

Kazi zinazokuja na kuondoka

Fedha za Kwale hazitulii mahali pamoja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ilichukua miaka mingi kabla ya kiwanda kipya kujengwa. Uchimbaji wa madini ya titani ulianza mwaka 2013 na kufikia mwisho Desemba 2024, akiba ya madini ilipomalizika. Kazi zinapokwisha hivyo, maduka ya jirani huwa ya kwanza kuumia, na msambazaji aliyekopesha bidhaa hufuata. Kabla ya kumwachia mwenye duka mzigo kwa mkopo, ni vyema kujua wateja wake wanalipwa na nani.

Hoteli za Diani nazo zina majira yake. Desemba hadi Machi huhitaji samaki, matunda na mboga kwa wingi. Masika yakiingia, wageni hupungua na hesabu hubadilika.

Karatasi inayookoa mtaji

Kwa mwenye mzigo mdogo, kosa la gharama kubwa zaidi hutendeka mpakani. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa na forodha papo hapo mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi nyingine, wala hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa mazao yanayotoka Tanzania hutolewa na TPHPA na kukaguliwa na KEPHIS upande wa Kenya.

Asiyejua hilo humlipa dalali, au hupita njia za panya na kuhatarisha mzigo wote kutaifishwa. Faida ya safari tatu inaweza kupotea kwa siku moja.

Anayejua hupata pia nafasi ya kuchagua. Machungwa yanaweza kushushwa Msambweni na Ukunda kabla ya kufika Likoni, na lori likarudi Tanga na bidhaa za dukani badala ya kurudi tupu. Barabara ya lami ya kilomita 65 kati ya Tanga na Horohoro imefupisha safari hiyo. Kilichobaki ni mfanyabiashara kusimama njiani na kuuliza bei kabla ya kufika Kongowea.