Makala Iliyosomwa kwa Mkasi

Paukwa! Pakawa!

Paliondokea bwana mmoja, David Smith, fundi mstaafu wa uchapaji katika mji wa Bridlington, Uingereza. Profesa hakuwa, alipenda tu kuchezea maumbo kwenye kompyuta. Novemba 2022 akakutana na umbo la pande 13, lenye sura ya kofia iliyobonyea. Akachukua karatasi ngumu, akakata kofia thelathini hivi, akazipanga mezani. Zikaingiana vizuri bila mwanya, ila mpangilio wake ukakataa katakata kujirudia.

Itazame sakafu ya vigae vya mraba. Ukiusogeza mchoro wote kigae kimoja kulia, unajilalia vilevile. Wanahisabati walikuwa wakisaka vigae visivyokubali jambo hilo hata kidogo. Mwaka 1966 Robert Berger alivipata, lakini alihitaji aina 20,426! Miaka ya 1970 Roger Penrose akashuka hadi aina mbili. Aina moja tu? Hapo wote walikwama.

Smith akamwandikia Craig Kaplan wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Wakaongezeka wataalamu wawili, uthibitisho ukakamilika, na Machi 2023 makala ikawekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya arXiv. Ilikuwa na kurasa karibu 90, ngumu kama kokoto. Kwa kawaida makala ya namna hiyo husomwa na wataalamu wachache, basi. Hii ilienea dunia nzima. Watu walishona mablanketi ya kofia, wakaoka biskuti za kofia. Wengi, nadhani, hawakufika ukurasa wa pili, na siwalaumu: mwenye mkasi na karatasi aliweza kujaribu mwenyewe.

Waliojaribu wakaona jambo. Takriban kofia moja kati ya nane ilibidi igeuzwe kifudifudi. Wakauliza: je, hiyo si aina mbili? Swali zuri sana! Kigae cha bafuni kina uso mmoja tu unaong'aa. Nani atakibandika uso chini?

Smith na wenzake wakarudi mezani. Mei mwaka uleule wakatoa makala ya pili, yenye umbo la kingo za kupinda waliloliita Spectre. Hilo halihitaji kugeuzwa kamwe.

Makala ya kwanza ilichapishwa rasmi katika jarida la Combinatorial Theory mwaka 2024, biskuti zake zikiwa zimeshaliwa zamani.