Mtoto asiyepatana na maziwa

Katika Butembo na Beni bado tunasikia mama akiambiwa kwamba mtoto wake amerogwa, kwa sababu akinywa maziwa ya ng'ombe anatapika, anaharisha au midomo inavimba. Huo si uchawi. Inaweza kuwa alerji: mwili unapigana na protini iliyo ndani ya maziwa. Kuyachemsha hakumkingi, na maziwa ya mbuzi yanafanana nayo mno. Tuangalie pia jibini ya Masisi, biskuti na mikate yenye maziwa ya unga.

Mama asiache kunyonyesha bila kumuuliza muuguzi. Mtoto aliyepita mwaka mmoja apewe uji wa mahindi na soya (soya ianze kidogo kidogo), maharagwe yaliyopondwa, yai, samaki wa Kyavinyonge, ndagala zilizosagwa pamoja na mifupa, sombe na parachichi. Akipumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya mara moja. Tutamwombea tukiwa njiani.

Nasi kwenye shule ya Jumapili na sherehe, tumuulize mama kabla ya kumpa mtoto chai ya maziwa. Mzigo huu asiubebe peke yake, kama Wagalatia 6:2 inavyotufundisha.