Kabla hujakubali jino la mtoto ling'olewe: jinsi madaktari wanavyopima meno yaliyopinda

Mtoto wako ana miaka saba. Jino jipya limeota nyuma ya jino la zamani, na sasa anaonekana ana safu mbili za meno. Jirani anakwambia, "Mng'oe haraka, la sivyo yatapinda yote." Mwingine anasema umpeleke kwa fundi wa mtaani. Wewe ungefanya nini?

Wazazi wengi makambini na vijijini hukutana na swali hili. Habari njema ni kwamba meno yaliyopinda mara nyingi yanaweza kusubiri. Lakini jino lililong'olewa kabla ya wakati huacha pengo, na pengo hilo linaweza kupindisha meno mengine. Makala hii inaeleza daktari wa meno anaangalia nini, na maneno anayoandika kwenye daftari la matibabu la mtoto wako yana maana gani.

Jino la miaka sita

Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Mtu mzima ana meno 32, tukihesabu na magego ya mwisho. Karibu na umri wa miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya meno ya utotoni, juu na chini, kulia na kushoto. Haliotei mahali pa jino lililong'oka. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni jino la utotoni ambalo litang'oka tu, na hawalitunzi. Ukweli ni kwamba likiharibika au kung'olewa, halioti jingine.

Gego hilo ndilo daktari huanza nalo. Mwaka 1899, daktari wa meno wa Marekani, Edward Angle, alipendekeza kwamba meno yagawanywe katika makundi kwa kuangalia jinsi gego la kwanza la juu linavyokutana na gego la kwanza la chini. Utaratibu wake bado unatumika duniani kote.

Makundi matatu

Daktari humwambia mtoto ameze mate, kisha aume kwa meno ya nyuma. Halafu huvuta shavu pembeni kwa kidole na kuangalia.

Kundi la kwanza (I): Ncha ya mbele ya gego la juu inakaa sawasawa kwenye mfereji wa gego la chini. Magego yamekutana vizuri. Hata hivyo, meno ya mbele yanaweza kuwa yamebanana, yamepandana au yamegeuka.

Kundi la pili (II): Gego la chini liko nyuma kuliko inavyotakiwa. Mara nyingi meno ya juu ya mbele yanatokeza nje na kidevu kinaonekana kimerudi nyuma. Kwa wengine meno ya juu yameinamia ndani na kuyafunika sana ya chini.

Kundi la tatu (III): Gego la chini liko mbele kuliko inavyotakiwa. Mara nyingi meno ya chini ya mbele hupita ya juu mtoto anapofunga mdomo, na kidevu huonekana kimetangulia.

Zingatia jambo moja: namba hizi si kipimo cha ukubwa wa tatizo. Kundi la tatu si "hatua ya tatu" ya ugonjwa. Mtoto wa kundi la kwanza anaweza kuhitaji matibabu, na wa kundi la pili akaishi vizuri bila matibabu yoyote. Ukiona "II" au "III" kwenye daftari, usiogope. Muulize daktari: "Je, hali hii inamdhuru mtoto sasa, au itamdhuru baadaye?"

Mambo mengine yanayoangaliwa

Meno ya juu yametokeza kiasi gani? Kwa kawaida meno ya juu hutangulia ya chini kwa milimita 2 hadi 3. Yakitokeza zaidi ya milimita 6, karibu na unene wa kalamu ya wino ya kawaida, mdomo unaweza kushindwa kuyafunika, na huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka akicheza au akichota maji.

Meno ya juu yanafunika ya chini kiasi gani? Kufunika karibu theluthi moja ni kawaida. Yakifunika mno, meno ya chini yanaweza kuumiza ufizi wa juu.

Je, kuna uwazi mbele? Mtoto anauma kwa magego, lakini meno ya mbele hayagusani. Mara nyingi sababu ni kunyonya kidole kwa muda mrefu. Akiacha mapema, kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaota, uwazi huo mara nyingi hujifunga wenyewe.

Je, kuna jino la juu linaloingia nyuma ya la chini? Hali hii hufaa kuonwa mapema, kwa sababu inaweza kusaga meno, kuumiza ufizi au kuvuta taya upande mmoja.

Na mwanya? Mwanya kati ya meno ya mbele si ugonjwa. Wengi wetu tunauona ni urembo. Kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi ni kawaida, na unaweza kupungua chonge zinapoota.

Pengo linavyopindisha meno

Watu wengine hurithi taya dogo na meno makubwa, na hilo halina wa kulaumiwa. Lakini baadhi ya meno hupindishwa na sisi wenyewe.

Jino la utotoni hulinda nafasi ya jino litakalofuata. Gego la utotoni likiozeshwa na sukari au kung'olewa miaka kadhaa kabla ya wakati wake, jino la miaka sita husogea mbele na kukalia nafasi hiyo. Jino jipya linapokuja halina pa kuotea, hivyo huota pembeni au hubaki ndani ya taya.

Kinachoumiza zaidi ni kung'oa kile kinachoitwa "meno ya plastiki." Nchini Uganda wengi husema ebinyo, na kwa Kinyarwanda ibyinyo. Mtoto mchanga akiwa na homa, kuhara au kutapika, mtu huonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi na kusema hilo ndilo linalomuua. Uvimbe huo ni chonge ya utotoni inayojitengeneza. Kila mtoto anayo, mgonjwa na mzima.

Kuichimbua kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli kunaweza kuleta kutoka damu nyingi, pepopunda, maambukizi ya VVU na hata kifo. Mtoto akipona, chonge ya ukubwani iliyo karibu nayo inaweza kuota imeharibika, ikakaa pasipo pake au isiote kabisa. Na ule ugonjwa uliomfanya alie bado haujatibiwa. Mtoto anayehara anahitaji kuendelea kunyonya, kupewa maji ya ORS na dawa ya zinki, na kufikishwa kituo cha afya haraka, hasa akiwa na homa, amelegea au anashindwa kunyonya.

Tunajua kwamba mzazi anayekubali jambo hili anampenda mtoto wake na anaogopa kumpoteza. Tunaomba hofu hiyo impeleke kituoni.

Lini umpeleke mtoto kwa daktari wa meno?

- Jino jipya limeota nyuma ya la utotoni, na la utotoni halijalegea baada ya miezi miwili au mitatu. Likiwa limelegea, mwache alitikise kwa ulimi mpaka ling'oke lenyewe.
- Jino la juu linaingia nyuma ya la chini, au taya linakwenda upande anapouma.
- Meno ya juu yametokeza sana, au ya chini yanachoma ufizi.
- Chonge za juu hazijaonekana hata akiwa na miaka 13.
- Ana maumivu, uvimbe au jino lililotoboka. Hapa usisubiri hata kidogo.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe rufaa, maana si kila kituo kina mtaalamu wa meno. Kama hujui pa kwenda, muulize mhudumu wa afya wa jamii (VHT) wa eneo lako.

Tuseme ukweli: waya za kunyoosha meno ni ghali, hupatikana zaidi katika miji mikubwa, na mara nyingi humtaka mtoto arudi kila baada ya wiki 4 hadi 8 kwa mwaka mmoja na nusu au miwili. Familia nyingi, wakimbizi na wenyeji, hazitaweza. Lakini kuna kazi isiyogharimu pesa nyingi: piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, punguza pipi na soda, tunza jino la miaka sita, na usiruhusu mtu yeyote kuchimba ufizi wa mtoto mchanga.

Leo jioni, mwambie mtoto wako afungue mdomo. Hesabu meno yake, tafuta gego la nyuma, na umwonyeshe namna ya kulifikia kwa mswaki.