Mninga wa Tabora: mtaji unaokua kwa miaka mia

MFANYABIASHARA anayenunua mbao za mninga mjini Tabora ananunua mali isiyoweza kuagizwa upya kiwandani. Shehena ikiisha ghalani, mti wa kuziba pengo hilo hauwezi kupandwa leo ukavunwa katika uhai wake, na huenda hata katika uhai wa wanawe. Hilo ndilo linaloipa mbao hiyo thamani, na ndilo linaloifanya biashara yake iwe na hatari zake.

MTI WENYEWE

Mninga ni mti wa jamii ya kunde. Wataalamu wa misitu huuita Pterocarpus angolensis, na kusini mwa nchi hujulikana pia kama mtumbati. Huota katika misitu ya miombo, ile yenye mitundu na miyombo kwa wingi, ambayo katika Mkoa wa Tabora huonekana Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Hupenda udongo usiotuamisha maji, na huzoea majira mawili: mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu.

Mti mzima kwa kawaida hufikia urefu wa mita 10 hadi 20. Ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu. Maua yake ya njano huchanua mwishoni mwa kiangazi, wakati majani mapya bado hayajakolea, na nyuki huyafuata. Tunda lake ni bapa na la mviringo, lina bawa jembamba pande zote na vimiiba katikati, na husambazwa na upepo.

Mti huo unapatikana pia Zambia, Zimbabwe, Msumbiji, Angola na Afrika Kusini. Mnunuzi wa nje akiulizia mukwa au kiaat, anaulizia mninga.

KWA NINI NI GHALI

Sifa ya kwanza ni kutulia. Mbao ya mninga ikikaushwa vizuri hupungua kidogo sana na haipindi ovyo, hivyo mlango uliotengenezwa wakati wa kiangazi haukwami mvua zikianza. Ya pili ni uimara: kiini chake huhimili mchwa na kuoza. Ya tatu ni wepesi wa kufanyiwa kazi. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu ina uzito wa takriban kilo 600 hadi 650, na randa na patasi huikubali bila taabu. Ndiyo maana hutumika kwa vitanda, makabati, milango, madirisha na sakafu. Vijijini huchongwa vinu na ngoma, na utomvu wake hutumika kama rangi na dawa ya ngozi. Fundi ajihadhari tu na vumbi lake, kwani huweza kuwasha pua na kubana kifua.

HESABU YA MUDA

Tatizo liko kwenye ukuaji. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, huku mzizi ukinenepa ardhini. Hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka 10 au zaidi kabla shina halijasimama moja kwa moja. Uchunguzi wa pete za ukuaji uliofanywa Zimbabwe katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mti huhitaji kati ya miaka 85 na zaidi ya 100 kufikia kipenyo cha sentimeta 35. Kwa kulinganisha, misindano ya Sao Hill, Mufindi, huvunwa ikiwa haijatimiza miaka 30.

Historia ya Tabora inaweka hesabu hiyo wazi. Enzi za misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mizigo ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Jino la tembo lilibebeka hadi pwani. Gogo la mninga halikubebeka. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, shehena nzito zikapata njia. Mninga uliochipua mwaka huo ndio kwanza umefikia unene wa kupasuliwa.

Wakati huohuo msitu una wateja wengine. Mashamba mapya huufyeka, mkaa huuchoma, na tumbaku ya mkoa huu hukaushwa kwa kuni. Mfugaji nyuki, kwa upande wake, anauhitaji ukiwa umesimama: asali ya Tabora hutokana na maua ya miombo, na huvunwa mwaka hadi mwaka bila mti kuangushwa.

TAHADHARI KWA MNUNUZI

Kwanza, angalia rangi. Thamani iko kwenye kiini chenye rangi ya kahawia au kahawia nyekundu na michirizi. Sehemu nyeupe ya nje hushambuliwa na wadudu, na haistahili bei ya kiini.

Pili, uliza kama mbao imekauka. Mbao mbichi iliyonunuliwa kwa bei ya chini hurudisha hasara karakana.

Tatu, kagua karatasi: usajili wa biashara ya mazao ya misitu, leseni ya uvunaji, hati ya kusafirishia na alama ya nyundo kwenye mbao. Mzigo usio na hati ukikamatwa, mtaji wote huenda nao.

Nne, anayelenga soko la nje ajue kuwa mwezi Novemba 2022, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliziweka aina zote za Pterocarpus za Afrika katika Kiambatisho cha Pili. Hatua hiyo inaugusa mninga na ndugu yake mkurungu. Biashara haikupigwa marufuku, lakini magogo na mbao zilizopasuliwa haziwezi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kuwa uvunaji ni halali na hauhatarishi miti iliyobaki.

Kwa mwenye mtaji mdogo, faida ya mninga haipatikani kwa wingi wa magogo. Ubao mmoja mkavu, wenye hati na uliogeuzwa kuwa mlango au kitanda, huuzwa ghali kuliko ukiwa mbichi. Anayeuza thamani hiyo huhitaji miti michache, na hubaki na mali ya kuuza miaka ijayo.