Fahamu: Draiva ya michoro inapoiangusha kompyuta
Mapema mwaka 2025, baadhi ya walionunua kadi mpya za michoro za Nvidia, RTX 50, waliishia kutazama skrini nyeusi. Kampuni ikatoa draiva za kurekebisha.

Draiva ndiyo programu inayoiwezesha Windows kuiamuru kadi. Kadi isipojibu kwa sekunde 2, Windows huiwasha draiva upya. Ikishindikana, huja skrini ya hitilafu yenye maandishi VIDEO_TDR_FAILURE. Wapo wanaokimbilia kufuta Windows yote, kazi ya bure mara nyingi.

Washa kompyuta katika hali salama, ambamo Windows hutumia draiva yake ya msingi. Ikitulia humo, mshukiwa ni draiva: rudisha ya zamani, au ifute kabisa upakue nyingine kwa mtengenezaji. Kompyuta bado inaanguka? Kagua joto na umeme wa kadi.